SOMO LA MWEZI: BAISKELI ILIYOFUNGWA KUFULI NA MWENYEWE HAONEKANI



Mwezi huu tunataka kujifunza pamoja jambo ambalo kwa macho ni dogo. Ni habari ya baiskeli moja.

Mapema katika masika watu wa soko letu hapa Mlali waliona baiskeli nyeusi, aina ya Phoenix, imefungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye shina la mwembe, karibu na mahali yanaposimama magari ya Morogoro. Siku ya kwanza hakuna aliyeishangaa, maana wengi wetu huacha baiskeli pale, tukapanda gari kwenda mjini, tukairudia jioni. Siku ya pili ilikuwapo. Juma la pili ilikuwapo. Mvua ikainyeshea, cheni ikashika kutu, tairi la nyuma likalala, na buibui akafunga utando wake kati ya njiti. Ilipofika juma la tano watu walikuwa wamekwisha kuipa jina. Waliiita "baiskeli ya marehemu", ingawa hakuna aliyejua kama kuna mtu aliyekufa.

Jumapili moja baada ya ibada, vijana watatu wa kwaya walikuja kwa wazee wa kanisa na shauri. Walisema, "Wazee wetu, shikamooni. Mwinjilisti wetu anakwenda kwa miguu mpaka vitongoji vya juu. Baiskeli ile inaoza bure. Turuhusuni tukate kufuli, tuitengeneze, tumpe yeye."

Nia yao ilikuwa njema, na baadhi yetu tulikaribia kusema ndiyo. Lakini mzee mmoja aliuliza, "Na mwenyewe yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Basi tukawaomba vijana watupe majuma mawili. Somo hili ni matunda ya majuma hayo mawili.

1. KUFULI LINASEMA NINI?

Vitu tunavyovikuta njiani ni vya namna tatu, na yafaa tuvitenganishe.

Kwanza kuna kitu kilichotupwa. Mwenyewe amekikataa. Sandali iliyokatika, ndoo iliyotoboka, tairi lililokwisha: vitu hivi havina mwenyewe tena, na anayevichukua hamdhulumu mtu.

Pili kuna kitu kilichopotea. Kina mwenyewe, lakini mwenyewe hajui kilipo. Fedha iliyoanguka mfukoni, mbuzi aliyekata kamba, simu iliyosahauliwa garini.

Tatu kuna kitu kilichowekwa. Kina mwenyewe, naye anajua vizuri sana kilipo. Sisi ndio tusiojua yeye alipo.

Baiskeli ya mwembeni ilikuwa ya namna ya tatu. Mtu anayetupa kitu hakifungi. Aliyezungusha mnyororo, akabana kufuli na kutia ufunguo mfukoni, amesema neno mbele ya soko zima ingawa hakufumbua kinywa. Amesema, "Nitarudi." Kutu haiwezi kulifuta neno hilo, wala majuma matano hayalifuti. Ikiwa hakurudi, jambo la kwanza la kufikiri ni kwamba kuna kitu kimemzuia. Labda ni mgonjwa. Labda amefiwa mbali. Labda yuko mahabusu. Labda kweli amekufa, na watu wake hawajui mali yake iko wapi.

Kwa hiyo baiskeli iliyokaa muda mrefu inatupa habari ya mtu kabla ya kutupa habari ya chuma. Wengi wetu tuliuliza, "Baiskeli hii itakuwa ya nani sasa?" Swali lililotangulia lilikuwa, "Mtu huyu amepatwa na nini?" Kwa majuma matano soko zima lilipita mbele ya dalili kwamba kuna mtu taabuni, na sisi tulikuwamo.

2. MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

Fungueni Kumbukumbu la Torati 22:1-3. Pale Waisraeli wanafundishwa habari za mnyama wa ndugu yao aliyepotea, na za vazi, na za kitu cho chote kilichopotea. Angalieni mambo mawili. Kwanza, aliyekiona haruhusiwi kujifanya hakuona. Kupita na kugeuza uso ni kosa lenyewe. Pili, ikiwa mwenyewe yuko mbali au hajulikani, kitu hicho kinatunzwa mpaka mwenyewe aje kukitafuta. Aliyekipata amekuwa mlinzi wake, na ulinzi huo haumfanyi mrithi.

Kisha someni Kutoka 23:4. Hapo mnyama aliyepotea ni wa adui, na bado anarudishwa. Punda wa siku zile alikuwa kama baiskeli yetu ya leo: ndiye aliyebeba mzigo wa maskini kwenda sokoni. Aliyepoteza punda alipoteza riziki.

Someni na Walawi 6:1-5. Mtu aliyepata kitu kilichopotea akakana, anahesabiwa pamoja na mwizi na mdhalimu, na katika kukirudisha anaongeza sehemu ya tano juu yake. Tena Katekisimu iliyomo katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 inataja udokozi na wizi mahali pamoja, kwa sababu mara nyingi wizi huanza kwa udokozi. Leo anachomoa kengele kwa kuwa "haitumiki", kesho anachukua pampu, keshokutwa gurudumu. Baiskeli ya mwembeni ilikuwa imekwisha kupoteza pampu na dinamo tulipoitazama. Waliochukua hawakujiita wezi.

Katika jambo hili tuko pamoja na majirani zetu Waislamu. Mafundisho yao juu ya kitu kilichookotwa yanamtaka aliyeokota atambue vizuri mfuko wake na kamba uliyofungiwa, kisha akitangaze kwa mwaka mzima, na mwenyewe akija na kutaja sifa zake arudishiwe. Nasi tulipotaka kutangaza, Shehe wa msikiti wa jirani alilipokea tangazo letu siku ile ile.

3. SHERIA YA NCHI

Wengine hudhani kwamba mali ikikaa muda mrefu bila mtu kuigusa inakuwa ya aliyeiona. Sheria yetu haisemi hivyo.

Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, kinaeleza maana ya wizi. Kifungu hicho kinamfikiria pia mtu aliyeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake. Hahesabiwi kuwa na nia ya wizi ikiwa wakati ule hakumjua mwenyewe, na aliamini, kwa sababu za maana, kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Angalieni maneno hayo "kwa sababu za maana". Hakimu atauliza, "Ulimtafuta wapi? Ulimwuliza nani?" Asiyetafuta hana sababu ya kuonyesha. Na hiyo ni kwa kitu kilichopotea. Aliyekata kufuli la kitu kilichowekwa ana kazi ngumu zaidi ya kujieleza.

Tena iko njia iliyowekwa kwa ajili ya mali isiyodaiwa na mtu. Chini ya Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, polisi hupokea mali ya namna hiyo na kumpelekea hakimu orodha yake. Kinachofuata, kama ni kutangaza au kuuza, huamuliwa kwa utaratibu huo, mbele ya watu wote. Hakiamuliwi na mtu mmoja usiku kwa msumeno wa chuma. Na hapa kijijini tuna Serikali ya Kijiji, iliyowekwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 (Mamlaka za Wilaya). Mwenyekiti wa kitongoji na Mtendaji wa Kijiji ndio mlango wa kwanza.

4. WENZETU WA MBALI WANAFANYAJE?

Labda mtu atasema, "Haya ni mambo ya kijiji kidogo." Sivyo. Miji mikubwa yenye baiskeli nyingi ina shida hii kupita sisi.

Huko Japani watu wengi huendesha baiskeli mpaka stesheni ya treni na kuiacha hapo. Baiskeli zilizoachwa zilijaa kiasi cha kuziba njia, na mwaka 1980 nchi ile ilitunga sheria juu ya jambo hilo. Baiskeli ikiondolewa na serikali ya mji huwekwa ghalani, na tangazo hutolewa. Miezi sita ikipita tangu tangazo na mwenyewe asipatikane, ndipo inakuwa mali ya mji. Mwaka 1993 sheria hiyo ilirekebishwa, na kila mwenye baiskeli akatakiwa kuiandikisha. Baiskeli hupewa karatasi ndogo ya kubandika yenye namba, ili mwenyewe apate kujulikana. Baadhi yetu tumeziona karatasi hizo bila kujua ni nini, maana baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zimetoka Japani, na kwenye fremu bado kuna namba na maandishi ya kwao.

Katika jiji la Amsterdam, Uholanzi, watumishi wa jiji huanza kwa kufunga kikaratasi kwenye baiskeli inayoonekana imetelekezwa. Kikaratasi kikikaa bila kuguswa baada ya muda uliowekwa, ndipo baiskeli inapelekwa kwenye bohari ya jiji, nako mwenyewe anaweza kuifuata.

Basi wenzetu hao, pamoja na utajiri wao, hawaruki hatua tatu: kutangaza, kungoja, kutunza. Nasi zamani tulikuwa na leseni ya baiskeli na kibati chake, na wazee wanakumbuka jinsi tulivyokikasirikia kwa sababu ya fedha. Lakini kibati kilikuwa na faida moja: kilisema baiskeli imetoka wapi. Siku hizi hatunacho, kwa hiyo hatuna budi kuuliza kwa vinywa vyetu.

5. TULIVYOULIZA

Siku ya Jumatatu vijana wale watatu walikwenda na mzee mmoja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kisha wakaenda kwa fundi baiskeli anayekaa karibu na mashine ya kusaga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Mmepata pancha?"

"Hapana, baba. Tunaulizia ile baiskeli ya mwembeni."

Fundi alifuatana nao. Hakutazama jina la baiskeli, maana Phoenix zote zinafanana. Aliinama akatazama keria. Ilikuwa imeongezwa nondo mbili za kubebea viroba. Akasema, "Nondo hizi nimezichomelea mimi. Ni za mtu wa juu huko, anayeshusha kabichi. Jina lake simjui. Mkewe huja na njegere siku za gulio."

Kwa majuma matano fundi yule alikuwa anakaa hatua mia mbili kutoka kwenye baiskeli hiyo, naye alikuwa na habari tuliyoihitaji. Hakuna aliyemwuliza.

Kondakta mmoja wa magari ya Morogoro naye alikumbuka. Alisema siku moja mapema katika masika alipandisha mtu aliyekuwa ameshika tumbo, akitokwa jasho, aliyeomba apelekwe hospitali. Je, alikuwa na baiskeli? Kondakta hakujua.

Tangazo likatolewa kanisani, msikitini na shuleni. Wanafunzi ndio posta ya milimani. Neno lililosemwa kwao mchana linafika jikoni kwa mama jioni, hata kule ambako gari halifiki. Tulitangaza hivi tu: "Kuna baiskeli sokoni, mwenyewe au ndugu zake waonane na Mtendaji wa Kijiji." Hatukutaja rangi, wala kufuli, wala keria.

Siku ya tisa alikuja mama mmoja kutoka mlimani. Alikaa kwanza kimya kwenye benchi la ofisi. Mtendaji akamwuliza, "Mama, baiskeli yenu ikoje?" Akasema ni nyeusi, kengele yake haina kifuniko, na juu ya tandiko kuna kitambaa alichokishona mwenyewe kwa kipande cha kanga. Kisha akafungua pindo la kanga yake akatoa ufunguo.

Mume wake alikuwa ameugua ghafula sokoni. Alifunga baiskeli, akapanda gari, akalazwa mjini na kupasuliwa. Mkewe alimfuata kumwuguza na kuacha watoto kwa bibi yao. Kila siku mgonjwa aliulizia baiskeli yake, na kila siku mke alimjibu, "Ipo," ingawa moyoni alijua imekwisha kuibwa. Alituambia kwamba shemeji yake alipata kushuka jioni moja kuitazama. Alipoigusa tu, mtu akamkemea, "Unafanya nini na baiskeli ya watu?" Akaogopa, akaondoka. Nyumbani akasema mambo ya baiskeli yaachwe.

Tulipoyasikia hayo tulinyamaza. Sisi ambao hatukuwahi kuuliza baiskeli ni ya nani, tulikuwa tayari kumpiga ndugu wa mwenyewe.

Fundi alitia mafuta kwenye kufuli, akangoja kidogo. Mama akazungusha ufunguo mwenyewe. Kufuli likafunguka.

6. MAMBO YA KUFUATA

Kutokana na hayo tumeandika hatua hizi, zitufae siku nyingine.

(a) Tazama bila kugusa. Ukitaka kujua kama kweli haitumiki, chora mstari wa chaki kwenye tairi na chini yake kwenye jiwe au ardhi. Baada ya siku chache utajua kama imesogezwa. Huenda mwenyewe huichukua alfajiri na kuirudisha usiku.

(b) Uliza walio karibu. Anza na fundi baiskeli, maana anajua viraka vyake kama mshonaji anavyojua mishono yake. Uliza mama lishe, mlinzi wa usiku, makondakta, walimu, mganga wa zahanati. Wiki moja inatosha kuanza kuuliza. Usingoje tano.

(c) Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au Mtendaji wa Kijiji, na yaandikwe katika daftari: tarehe, mahali, aina, rangi, na vitu vilivyopungua. Andika pia namba ya fremu. Mara nyingi imegongwa chini, pale mikono ya pedali inapopita, au kwenye bomba la tandiko. Futa matope utaiona. Mashahidi wawili watie sahihi. Namba hiyo inaweza kulinganishwa na taarifa za wizi zilizoko polisi, kwa maana huenda aliyeifunga ndiye aliyeiiba.

(d) Funga kikaratasi kwenye usukani, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, kikisema mwenyewe aende wapi. Tangazeni kanisani, msikitini, shuleni na gulioni. Lakini msitaje alama zote. Alama mlizozificha ndizo zitakazomtambulisha mwenyewe wa kweli.

(e) Msivunje kufuli. Kufuli ni shahidi. Mtu anaweza kukariri rangi na jina la baiskeli, lakini ufunguo haudanganyi. Ikiwa baiskeli iko hatarini na uongozi wa kijiji au polisi wameamua iondolewe, na ikate pete moja ya mnyororo, mbali na kufuli, mbele ya mashahidi. Kufuli litunzwe pamoja na baiskeli, zima kama lilivyo.

(f) Itunzwe mahali pa wazi kwa uongozi, kama ofisi ya kijiji au kituo cha polisi. Asiitunze mtu mmoja nyumbani kwake, hata kama ni mzee wa kanisa. Na isiendeshwe. Anayeiendesha "ili isipate kutu" huanza kuizoea, na kilichozoewa ni kigumu kurudisha.

(g) Mwenyewe asipopatikana, mali ifuate njia ya polisi na mahakama. Ikiuzwa kwa utaratibu huo, hapo ye yote anaweza kuinunua, na kanisa pia. Baiskeli ya namna hiyo itambeba mwinjilisti bila kumlemea dhamiri.

(h) Mwenyewe akija, msimdai fidia ya kuilinda. Akitaka kushukuru, ni hiari yake. Atie sahihi daftarini, na tangazo litolewe tena kwamba mali imerudi, ili mtu asije akamwita mwizi njiani.

7. IKIWA MWENYEWE AMEFARIKI

Hapa inatakiwa busara, na hasa kwetu Uluguru, ambako ukoo wa mama una nguvu. Mtu anaweza kuja akasema, "Mimi ni mpwa wa marehemu," naye anasema kweli. Lakini kuna mjane na watoto, ambao wakati ule wako matangani na hawana habari. Anayetangulia kufika si lazima awe ndiye mwenye haki.

Kwa hiyo uongozi usimkabidhi wa kwanza kufika kwa kumhurumia. Waulize kama kikao cha familia kimekaa, na nani amechaguliwa. Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayothibitisha msimamizi wa mirathi, naye ndiye anayekusanya mali ya marehemu na kuigawa. Baiskeli ni sehemu ya mirathi kama shamba lilivyo. Kwa mjane mwenye watoto wadogo huenda ndicho chombo pekee kinachoweza kumfikishia kabichi zake sokoni kabla hazijanyauka.

8. NENO JUU YA MAKELELE YA "MWIZI!"

Tusimalize bila kulisema hili. Sote twajua kinachoweza kutokea makelele hayo yakipigwa sokoni. Watu hukimbia na mawe kabla ya kujua habari, na nchini mwetu wamekufa watu waliopigwa namna hiyo, baadhi yao wasio na hatia.

Fikirini mtu aliyekaa hospitali miezi miwili. Amekonda, nywele zimeota, nguo zinamlegea. Anashuka garini jioni, anakwenda mwembeni, anainama kwenye kufuli lililoshika kutu, na ufunguo haugeuki upesi. Nani atamtambua? Baiskeli ambayo watu wamekwisha kuihesabu kuwa si ya mtu, mwenyewe anaweza kufa kwa kuigusa. Kwa hiyo kikaratasi na daftari tulivyovitaja havilindi chuma peke yake. Vinalinda uhai wa mtu.

Mkimwona mtu anagusa mali mnayoitilia shaka, mwiteni kwa heshima: "Ndugu, karibu. Tulikuwa tunamtafuta mwenye baiskeli hii. Je, ni wewe?" Mwenyewe atashukuru. Mwizi ataondoka. Na hakuna atakayeumizwa.

KWA KUMALIZA

Baiskeli ilisukumwa na kijana mmoja wa wale watatu mpaka kwa fundi. Tairi likazibwa, cheni ikasafishwa kwa mafuta ya taa, na gharama wakalipa wao kwa hiari yao. Pampu na dinamo havikurudi. Kama aliye navyo anasoma hapa, au anasomewa, ajue kwamba vinaweza kuachwa usiku kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji bila maneno.

Na mwinjilisti wetu bado anakwenda kwa miguu. Halmashauri ya parishi imekubali kwamba sehemu ya sadaka ya Sikukuu ya Mavuno iwekwe kwa ajili ya baiskeli yake. Tunawaomba mwikumbuke siku hiyo. Itachelewa kuliko ile ya mwembeni, lakini hakuna mama atakayekuja siku moja na ufunguo wake katika pindo la kanga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Someni Kumbukumbu la Torati 22:1-3. Je, ni mambo gani hapa kwetu tunayoyaona kila siku na kujifanya hatuyaoni?

2. Vijana walitaka baiskeli kwa kazi ya Mungu. Je, kusudi jema linaweza kuhalalisha njia isiyo ya haki? Toeni mifano mingine mnayoijua.

3. Taja vitu vitatu ulivyovikuta mwaka huu bila mwenyewe. Kipi kilitupwa, kipi kilipotea, na kipi kiliwekwa? Ulijuaje?

4. Mtu akikosekana sokoni, shambani au ibadani kwa majuma mawili, nani katika kitongoji chenu huenda kumwuliza? Kama hakuna, kikundi chenu kinaweza kufanya nini?

5. Je, nyumbani kwako kuna kitu kisicho chako kilichokaa muda mrefu mpaka umesahau? Kitarudije kwa mwenyewe?